Matundu ya Bibi Vifungo

Kuna watu wasioweza kupita mlango ulio wazi bila kuufunga, na kuna wasioweza kuona picha imekaa upande ukutani bila kuinyoosha. Ugonjwa wa Bibi Vifungo ulikuwa kwenye nguo za watu. Akiona shati limefungwa pogo, mkono unamtangulia. Aliwahi kumfungia kola karani wa posta, tena kwa kupitisha mkono dirishani, jitu zima na ndevu zake, na karani akajikuta anasema asante mama kabla hajajua kilichompata.

Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Aliwashonea watoto ambao baadaye walimletea watoto wao wapimwe. Mafundi wenzake walikuwa wakimpelekea mashati yao awatobolee matundu ya vifungo, kwa sababu tundu la mkono wake halikufumuka. Shati lingechakaa, kola ingechanika, lakini tundu lingebaki pale pale limeuma meno. Hapo ndipo jina lilipomnasa, hata kabla hajawa bibi wa mtu yeyote.

Mumewe alipofariki aliendelea kushona. Kisha binti yake wa mwisho, mtaalamu wa maabara hospitalini, akajifungua mtoto wa kiume na kumpigia simu. "Mama, njoo unishike mkono wiki mbili tatu." Bibi akafunga nyumba yake, akamwachia jirani ufunguo, akaja na cherehani yake ya mkono na kopo la vifungo. Wiki mbili tatu hizo sasa zilikuwa zinaelekea mwaka wa nne. Mkwewe alifanya kazi kwenye kampuni ya kujenga barabara, leo yuko huku kesho yuko kule, na alipokuja nyumbani alikuja kama mgeni wa heshima. Binti alikuwa na zamu zake. Mtoto akawa wa bibi.

Akakua mikononi mwake, na nasema mikononi kwa maana yake hasa. Bibi alimvalisha soksi, alimlisha kwa kijiko, alimpandisha ngazi amembeba ubavuni na huku miguu ya mtoto inamgonga magotini. Kufunga kifungo mtoto hakuwahi. Angefungaje, na mikono ya bibi ilikuwa imeshafika? Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na sabuni. Bibi alimwita mume wangu, naye aliitika kwa sauti nzito ya mtu mwenye majukumu.

Siku moja, wakiwa mezani, binti alitoa habari.

"Mama, mtoto amepata nafasi kwenye ile shule ya awali ya Montessori. Ile nyumba yenye geti la bluu."

"Shule? Huyu ambaye hata kujifuta pua hajui?"

"Ndiyo maana anakwenda. Na akishazoea, mama, wewe nawe utapata kupumzika. Urudi kwako, ukae na nyumba yako. Tumekuchosha vya kutosha."

Bibi akasema, "Haya, mwanangu, vizuri," akainuka na kwenda kupiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Kule kwake kulikuwa na vyumba vilivyofungwa, jirani mwenye ufunguo, na kimya. Hakutaka kupumzika. Alitaka mtu wa kumuuliza soksi ziko wapi. Lakini sasa mambo yalikuwa wazi: siku mtoto atakapozoea shule ndiyo siku bibi atakayofungasha, na yeye mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kumzoeza. Hakumwambia mtu. Bibi Vifungo alikuwa na kiburi chake, tumwachie.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida iliyobomolewa kuta za ndani, sebule na vyumba vikawa ukumbi mmoja wenye mwanga. Rafu zilikuwa fupi, hazimfiki mtu mzima kiunoni, na kila kitu juu yake kilikuwa kwenye trei yake: majagi mawili madogo ya kioo ya kumiminia maji, vigogo vya mbao vyenye vishikio vya kuchomeka kila kimoja kwenye tundu lake, herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole. Pembeni ulisimama mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, kikubwa chini, kidogo juu. Mikeka midogo ilikuwa imeviringishwa ndani ya kapu. Hapakuwa na ubao wala madawati, na kilichomshangaza Bibi kuliko vyote, hapakuwa na mtu aliyepaza sauti.

Mwalimu alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, anayeongea kama vile kuna mtu amelala chumba cha pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye shule yuko wapi nimsalimie? Huyo Bi Montessori."

Mwalimu akakohoa kidogo. "Alishafariki, bibi."

"Jamani! Poleni sana. Lini?"

"Zamani sana. Alikuwa daktari wa Kitaliano. Sisi tunafuata mafundisho yake tu."

"Hata hivyo poleni," akasema Bibi, na alimaanisha.

Alionyeshwa benchi karibu na mlango. Hapo ndipo wazazi hukaa mpaka mtoto azoee, siku zozote zitakazohitajika. "Tunakuomba jambo moja tu," mwalimu alisema. "Mikono yako ikae mapajani."

"Mikono yangu? Imefanya nini?"

"Bado haijafanya kitu, bibi. Lakini wakubwa wengi hapo ndipo tunaposhindwa."

Bibi akacheka. Mtu aliyelea watoto watano ashindwe kukaa kwenye benchi! Akakaa, akapanga mikono mapajani, akaanza kutazama. Haukupita muda macho yakamtoka pima. Mtoto mdogo kuliko Kasuku alikuwa amebeba jagi la kioo, kioo cha kweli, limejaa maji. Maji yakamwagika mezani. Bibi alikuwa ameshanyanyuka nusu ndipo mwalimu alipomtupia jicho, naye akarudi kukaa. Mtoto akatazama maji. Akaenda kuchukua sponji, akafuta meza, akakamua, akafuta tena, mpaka na mahali ambapo hapakuwa na maji akapafuta. Hakuna aliyemgombeza na hakuna aliyempongeza. Mwalimu muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, anatazama tu.

Jioni Bibi alimwambia binti yake, "Pale hakuna mwalimu. Kuna mtazamaji."

Lakini jambo moja lilimwingia tangu siku za mwanzo. Kitu kilichoko kwenye mkeka wa mtoto ni cha mtoto huyo mpaka atakapokirudisha kwenye rafu. Hakuna kunyang'anyana. Anayekitaka husimama kando ya mkeka, mikono nyuma, na kuuliza neno moja: "Umemaliza?" Akijibiwa sijamaliza, basi imekwisha, anasubiri au anatafuta kazi nyingine. Kulikuwa na binti mmoja mdogo, mwenye sauti ya kuamrisha na mafundo mawili ya nywele, ambaye Bibi alimpa jina la Kiranja. Huyo alizunguka mkeka hadi mkeka anauliza umemaliza, umemaliza, kama mkaguzi. Na hata Kiranja, akiambiwa sijamaliza, alikuwa anatulia. Bibi alikiri moyoni kwamba hilo ni jema. Kwa jinsi yeye alivyolelewa, ukiulizwa umemaliza ujue sahani imeshaondoka.

Kasuku, kwa upande wake, alifunga mdomo. Yule ambaye nyumbani huwezi kumkatiza, shuleni hakutoa hata neno. Alikaa miguuni pa bibi yake ameshika pindo la gauni lake, anatazama. Bibi alianza kuona haya. "Huyu nyumbani tunamwita Kasuku," alimwambia mwalimu, na mwalimu akatazama kile kitoto kimya, kisha akamtazama bibi kwa heshima ya mtu anayesikiliza maneno yaliyotiwa chumvi.

"Hatutamlazimisha," alisema. "Akiwa na jambo la kusema, atasema."

Kilichomtoa miguuni pa bibi ni vifungo. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na fremu ya mbao iliyowambwa vitambaa viwili vinavyokutana katikati, kimoja kina vifungo vikubwa, kingine kina matundu. Shati lisilo na mtu ndani, ndivyo Bibi alivyoliona. Kasuku alikuwa amekua akichezea kopo la vifungo chini ya cherehani, kwa hiyo ule ulikuwa uso pekee aliofahamiana nao mle ndani. Siku moja akaachia gauni. Akatandika mkeka, akachukua fremu, akakaa nayo.

Mwalimu alikaa ubavuni pake na kumwonyesha mara moja, polepole, bila kusema chochote: vidole viwili kwenye kifungo, vidole viwili kwenye tundu, kifungo kinainama, kinapita, kinavutwa upande wa pili. Kisha akaondoka. Akamwacha! Bibi pale benchini alikuwa anatoka jasho. Kasuku alisukuma kifungo kikakataa. Akasukuma tena, kikaingia nusu, kikarudi. Ulimi ulikuwa umemtoka pembeni. Mikono ya Bibi mapajani ilikuwa inafunga vifungo hewani.

Kesho yake alirudia, na kesho kutwa. Alianza kupata kimoja, kisha kimoja na kingine. Mara nyingine aliruka tundu.

"Mwalimu," Bibi alinong'ona, "ameruka, mwambie."

"Atajua, bibi. Akifika chini kitabaki kifungo kisicho na pa kwenda. Fremu yenyewe itamwambia. Nikimwambia mimi, atajifunza kuniangalia mimi."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Shati likianza vibaya juu, litakuumbua chini, na hakuna fundi asiyelijua hilo.

Sasa, katikati ya asubuhi watoto walikuwa wakitoka uani kucheza, na Kasuku alikuwa akibaki na bibi yake. Siku hiyo walipotoka, naye akatoka. Alijipanga nyuma ya Kiranja akavuka kizingiti bila kugeuka. Bibi akabaki na ukumbi mtupu na mikono mapajani. Ilimuuma, asikwambie mtu. Akainuka ajinyooshe miguu, na miguu ikampeleka kwenye ile rafu ya chini. Akaichukua fremu, akaitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza.

Loo, aibu ilioje! Matundu yamelegea. Nyuzi za kingo zimesimama kama ndevu. Ukichukua kifungo na kukipitisha, kinadondoka kama jiwe kisimani, hakuna anayekishika. Hii ndiyo kazi wanayowaonyesha watoto? Mkono wake ukaingia kwenye mkoba, ambamo kila siku ya Mungu mlikuwa na sindano, uzi na kastabini. Akakaa akafanya kazi yake. Alikaza kila tundu kwenye ncha zote mbili, akalizungushia uzi mpya, mshono karibu na mshono, mpaka likarudi kuwa la saizi ya kifungo na si zaidi. Yalikuwa matundu mazuri, pengine mazuri kuliko yote aliyowahi kutoboa. Watoto walipoingia, fremu ilikuwa imerudi kwenye rafu na Bibi yuko benchini, mikono mapajani, amejaa fahari mpaka kooni.

Kesho yake Kasuku alikwenda moja kwa moja kwenye fremu, kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Akatandika mkeka. Akashika kifungo cha kwanza, kile ambacho alikuwa ameshakizoea, akakisukuma. Hakikuingia. Akakigeuza, akasukuma kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Akajaribu cha pili, akajaribu cha mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo Bibi hakulisahau tena: akainua mikono yake na kuitazama, huku na huku, kama anayemtafuta ndani yake yule aliyekuwa akiweza jana.

Kiranja alifika, mikono nyuma. "Umemaliza?"

Kasuku akamsogezea fremu bila neno. Kiranja akakaa, akakunja uso, akasukuma, akavuta, akatumia meno. Naye hakufua dafu. "Imeharibika," alitangaza, akaondoka zake.

Lakini Kasuku hakuelewa kuwa imeharibika. Aliibeba fremu mpaka benchini, akaiweka mapajani pa bibi yake juu ya ile mikono iliyotulia, akamnong'oneza sikioni, "Bibi, fanya wewe."

Na moyo wa Bibi ukaruka kwa furaha. Tuseme ukweli kama ulivyokuwa. Kwa nukta moja aliona kila kitu kinarudi mahali pake: mtoto hajaweza, bibi anahitajika, sanduku halifungashwi. Kisha akaona uso wa mtoto. Hakuwa analia. Alikuwa amekata tamaa kimya kimya, kama mtu mzima, na bibi akaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Akainuka na fremu, akavuka ukumbi kwenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini, bibi?"

"Haya matundu. Niliyaona yamelegea nikayakaza jana mlipokuwa uani. Mikono haikukaa mapajani."

Mwalimu akajaribu kifungo kimoja, akakunja vidole, akajaribu tena. Akachunguza mshono. "Bibi, hii ni kazi ya ajabu. Sijawahi kuona tundu kama hili."

"Ni zuri kwa shati la mtu anayejua kuvaa. Hapa ni kosa."

"Tuliyakata makubwa kwa makusudi. Kidole cha mtoto kinahitaji nafasi ya kukosea."

"Sasa najua. Nipe pembe nikae nifumue."

Mwalimu angeweza kumuuliza zaidi, na Bibi alikuwa tayari kuulizwa, lakini alimpa kiti kidogo karibu na dirisha. Bibi hakuwa fundi wa kufumua kazi yake mwenyewe. Maishani alikuwa amefumua kazi za wengine tu, na kwa maneno makali. Sasa alichokoa nyuzi zake moja moja kwa ncha ya sindano, akalipanua kila tundu kidogo kupita kifungo, akalizungushia upya kwa mshono laini, si wa kubana, wa kulinda kingo tu zisichanike. Alipomaliza kila tundu alilijaribu kwa mkono wa kushoto, kwa dole gumba na kidole cha mwisho, vile vidole vyake visivyojua kazi. Kifungo kilipomsumbua kidogo kisha kikakubali, aliridhika. Kisipomsumbua kabisa, alirudia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushona kitu ili mtu asiyejua ajifunze, badala ya kumfanyia.

Fremu ilirudi kwenye rafu. Kasuku hakuigusa siku hiyo wala iliyofuata, na Bibi alilala vibaya. Kisha asubuhi moja akaitazama kwa mbali, akazunguka akatazama kitu kingine, akairudia. Akatandika mkeka.

Bibi alikalia mikono yake. Sisemi kwa mfano, aliikalia kwelikweli, akaibana kati ya makalio na benchi.

Kifungo cha kwanza kiliingia. Kasuku akakitazama kwa mashaka. Cha pili kikaingia. Kufika cha tatu akaruka tundu, na Bibi akaona, akauma mdomo. Mtoto akaendelea kwa bidii mpaka chini, akabaki na kifungo kimoja mkononi na hakuna tundu. Akatazama juu, akashuka kwa kidole tundu kwa tundu, akalipata lile lililoachwa. Kisha akafungua vyote, kimoja baada ya kingine, akaanza upya.

Alipomaliza, shati lisilo na mtu lilikuwa limefungwa sawasawa. Akapitisha kiganja juu yake, akaviringisha mkeka, akarudisha fremu kwenye rafu, akaenda kunywa maji. Hakumtazama bibi yake hata mara moja. Bibi Vifungo akafuta macho kwa upande wa kanga, na kama ungemuuliza analia kwa furaha au kwa uchungu angekwambia tafadhali usiniulize maswali magumu.

Basi mtoto akazoea. Alivaa viatu mwenyewe, pengine kulia kushoto. Alipanda ngazi kwa miguu yake. Uani alikimbia na wenzake. Kilichobaki ni sauti yake tu, mle ukumbini bado hakusema. Mwalimu aliacha kumweka Bibi benchini akamruhusu akae kwenye kiti kidogo, na Kasuku alikuwa na mazoea ya kumshika mkono, kumvuta, na kumkalisha kwenye ukingo wa mkeka wake, akaendelea na kazi. Hakutaka msaada. Alitaka awepo.

Binti naye alipewa taarifa. "Mtoto ametulia, bibi hana haja ya kukaa tena," mwalimu alimwambia kwa simu, na binti akamkatia mama yake tiketi ya basi la Jumamosi. Alimwambia kwa furaha, maana kweli alidhani anampa zawadi. "Utalala mpaka saa unayotaka, mama!" Bibi akasema, "Asante, mwanangu," akaenda kutafuta nguo za kupiga pasi.

Ijumaa binti alitoka zamu mapema akaja kuwachukua wote wawili. Alisimama mlangoni, bado na koti lake jeupe la maabara, akachungulia. Kasuku alikuwa kwenye mkeka wake anapanga vifungo vya rangi kutoka kikubwa hadi kidogo. Ukingoni mwa mkeka alikaa bibi yake, mikono mapajani, anatazama.

Kiranja alifika. Alikuwa ameshamwona Bibi, na alikuwa amemtaka kwa siku nyingi. Akasimama kando ya mkeka, mikono nyuma. Hakumtazama Bibi hata kidogo, kwa sababu utaratibu ni utaratibu: mnara hauulizwi, huulizwa mwenye mkeka.

"Umemaliza na bibi?"

Bibi alishtuka. Kasuku akaweka kifungo chake mahali pake, akainua uso, na sauti ambayo ukumbi ule haukuwahi kuisikia ikatoka, kubwa, nzito, ya mtu mwenye majukumu.

"Sijamaliza."

Ukumbi wote ukageuka. Mwalimu, aliyekuwa anaokota trei, akaacha kuokota. Kiranja peke yake ndiye ambaye hakuona ajabu. "Haya, nitasubiri," alisema, akakaa sakafuni, akakunja miguu, akasubiri.

Nje, karibu na geti la bluu, Kasuku alikuwa ametangulia anamweleza mlinzi habari za vifungo, na mlinzi hapati nafasi ya kujibu. Macho ya binti yalikuwa mekundu. Koti lake alikuwa amelifunga haraka haraka kazini, limekwenda pogo, na kifungo cha chini kilining'inia bila tundu. Bibi alikiona tangu mlangoni. Mkono wake ukainuka, ukafika nusu ya njia. Akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili usitoroke.

"Unatazama nini, mama?"

"Hakuna."

Binti akajitazama. Akakiona. Akafungua vifungo vyote, akaanza upya kuanzia juu, polepole, na alipokuwa anafunga akasema bila kuinua uso, "Mbona hukuniambia kuwa hutaki kwenda?"

"Hukuniuliza."

"Nilidhani umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Mgongo unauma, magoti yanalia. Lakini wewe uliniambia niende nikapumzike kule kwenye nyumba tupu, nikasema ndiyo, kwa sababu sikutaka mtoto wangu anione ninaomba mahali pa kukaa. Naogopa ile nyumba. Haya, nimesema."

Binti alifunga kifungo cha mwisho, kikaingia mahali pake. Akasimama mbele ya mama yake, akaweka mikono nyuma kama alivyomwona yule mtoto akifanya.

"Umemaliza na sisi, mama?"

"Sijamaliza," alisema Bibi Vifungo.